Muulize kabla ya kufungua programu

Kocha unayepanga mazoezi ya wakimbiaji kwa akili mnemba, zungumza kwanza na mwanariadha, simu baadaye. Programu ikiandika mita 800 mara sita, haijui kwamba kijana amekesha soko la samaki la Mwaloni, Mwanza, akipakua dagaa.

Mvute pembeni, dakika mbili tu. Mbele ya wenzake atasema "niko fiti, kocha" hata kama anachechemea. Muulize amelala kwa muda gani, amekula nini na saa ngapi, wapi panauma. Swali la "unajisikiaje?" peke yake halileti kitu, jibu lake siku zote ni "poa". Mwambie pia ahesabu mapigo ya moyo asubuhi kabla hajatoka kitandani: sekunde 30, zidisha kwa mbili. Yakizidi kawaida yake kwa 7 hadi 10, punguza mbio ziwe tatu au nne, au akimbie taratibu dakika 30. Homa na viungo kuuma? Hakuna mazoezi, akapime malaria.

Saa ya mkononi inayopima mapigo nayo hudanganya, hasa mkanda ukilegea au jasho likizidi. Akipanda mlima wa Bugando, kimbia kando yake umsemeshe. Akishindwa kumaliza sentensi moja siku ya mazoezi mepesi, mwendo ni mkali mno, saa iseme itakavyo.

Majibu yake yaandike kwenye programu jioni hiyohiyo, la sivyo kesho itampangia kana kwamba alilala kwa muda wa saa nane.