Seva ya nyumbani inayovumilia umeme wa Bukavu

Seva ya nyumbani ni kompyuta inayobaki imewashwa na kuzigawia simu na kompyuta za nyumbani faili na maktaba, hata bila intaneti. Umeme wetu hukatika bila kuaga, kwa hiyo nikiijenga mimi huanza na betri. Wanafunzi wangu wa Kadutu, hapa Bukavu, nawaambia watafute laptopu iliyotumika, hata yenye kioo kilichopasuka, na waachane na kompyuta ya mezani. Laptopu ya zamani ikitumika kama seva hula wati 10 hadi 25 hivi, na betri inayoshika nusu saa yatosha mashine ijizime kwa utaratibu. RAM ya GB 4 haina shida. Ila ukikuta betri imevimba, usiinunue: hiyo ni moto unaosubiri.

Kwenye diski nitakawia kidogo. Sokoni utaonyeshwa diski za nje za aina mbili: kubwa ya inchi 3.5 yenye chaja yake, na ndogo ya inchi 2.5 inayovuta umeme kwa waya wa USB. Chukua ndogo. Umeme ukienda, laptopu inabaki hai, lakini diski kubwa inazimika papo hapo, pengine katikati ya kuandika faili. Ile ndogo inaendelea kuzunguka kwa betri ya laptopu. Ifomati kwa ext4, mfumo wa faili wa Linux, kwa sababu ule wa FAT32 haupokei faili linalozidi GB 4, na maktaba tunayoileta inapita hapo kwa mbali.

Sakinisha Debian, Linux ya bure, bila madirisha wala mapambo, uweke na SSH, programu ya kutuma amri kwa mbali, ili uiongoze seva ukiwa kwenye kompyuta nyingine. Katika /etc/systemd/logind.conf andika HandleLidSwitch=ignore, isilale ukiifunika. Kisha weka upower, programu inayochunga betri, na katika faili lake la mipangilio andika PercentageLow=20, PercentageCritical=15, PercentageAction=10 na CriticalPowerAction=PowerOff. Namba zishuke kwa mpangilio huo, la sivyo programu inazipuuza. Sasa betri ikifika asilimia 10 mashine inazimika yenyewe, faili zikiwa salama.

Watu wengi huku hudhani waifai na intaneti ni kitu kimoja. Sivyo. Ruta, kile kifaa kinachorusha waifai, hata bila megabaiti moja bado inaunganisha simu zote za parseli (kiwanja chako) na seva yako. Ruta nyingi zinatumia volti 12 (soma kibandiko chake), hivyo betri ndogo ya volti hizo huibakiza hewani giza likiingia. Ilinde waifai kwa nywila ya aina ya WPA2, na seva usiifungulie njia ya watu kuingia kutoka intaneti.

Halafu sehemu niipendayo mno: maktaba. Kiwix, mradi ulioanza 2007, hukupa Wikipedia nzima katika faili moja la ZIM, aina ya faili ambayo Kiwix huisoma bila intaneti. Ya Kifaransa pamoja na picha ni makumi ya GB, basi ipakue usiku kwa amri ya wget -c, ambayo mtandao ukikatika inaendelea pale ilipoishia. Sakinisha kiwix-tools, kisha endesha amri hii (/data ni folda ilipounganishwa diski yako):

kiwix-serve --port=8080 /data/wikipedia.zim

Mtoto mwenye simu ya bei rahisi anafungua anwani ya seva na :8080 mwishoni, kisha anasoma juu ya usanisinuru bila kulipia kitu. Mimi hufundisha biolojia, na ninajua tofauti kati ya mwanafunzi aliyeiona picha ya kloroplasti na yule aliyekariri maelezo yangu tu. Kando yake fungua folda ya Samba, programu ya kushirikiana faili nyumbani: maswali ya Exetat (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari) ya miaka iliyopita, vitabu, picha za familia.

Picha hizo hazipatikani tena zikipotea, kwa hiyo nunua diski ya pili. Kila wiki ichomeke, endesha rsync -a /data/familia/ /mnt/akiba/, amri inayonakili folda ya familia kwenye diski hiyo ya pili, halafu ichomoe uiweke kwa ndugu anayekaa kartiye nyingine. Diski inayobaki imechomekwa inaweza kuungua pamoja na seva radi ikipiga, na mvua za Kivu hazikosi radi. Ukisikia ngurumo, chomoa pia chaja na waya wa ruta.