Usiifunge simu ya intaneti kwenye IP moja

Unaposanidi simu ya SIP (utaratibu wa kupiga simu kwa intaneti), kwenye sehemu ya seva andika jina la domeini, si namba ya IP. Ikipewa jina, simu huiuliza DNS (mfumo unaogeuza majina kuwa anwani za IP) rekodi za SRV, yaani orodha ya seva za huduma, nazo huitajia seva zote zilizopo, kila moja na kipaumbele chake. Yenye namba ndogo hujaribiwa kwanza. Zikilingana, uzito, namba nyingine kwenye rekodi hizo, ndio huamua ipi ibebe simu nyingi zaidi. Ya kwanza ikizimika, simu huhamia ya pili yenyewe. Ukiipa IP tupu, haina pa kukimbilia.

Ila angalia poti, namba ya mlango wa huduma kwenye seva. Ukiandika 5060 baada ya jina, simu hairuhusiwi tena kuuliza SRV. Inatafuta anwani ya IP ya jina hilo tu. Wengi hunasa hapa. Acha nafasi ya poti tupu.

Halafu kuna suala la kusubiri: kwa vipimo vya kawaida vya SIP, simu hungoja sekunde 32 kabla ya kuikatia tamaa seva isiyojibu, na mpigaji gani atavumilia ukimya huo? Kama mipangilio inaruhusu, shusha hadi sekunde 3 au 4. Kisha zima seva kuu makusudi, baada ya saa za kazi, upige uone.