Kabla hujalifungua gari la zamani nyumbani

Anza na nafasi. Gari likishafunguliwa linakula uwanja mara tatu ya lilivyokuwa zima, na litakaa hapo muda mrefu kuliko ulivyomwahidi mama watoto. Uwe na paa, hata la turubai, na sakafu ngumu. Mchanga haubebi jeki.

Jeki ni ya kuinulia tu. Gari linakaa juu ya stendi, si juu ya tofali. Tofali la saruji linapasuka bila taarifa. Hapo sina hadithi, na sitaki uje kuwa nayo wewe.

Ufundi usijifunzie kwenye gari lako. Tafuta gereji ya mtaani, omba kukaa Jumamosi mbili tatu ukishika tochi na kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. VETA wana kozi fupi za ufundi magari na za kuchomelea. Kama utagusa chasisi, anza na ya kuchomelea, uharibu vyuma chakavu kwanza. Kwa Land Rover za zamani hilo halikwepeki: bodi ni ya aluminiamu, chasisi ni ya chuma, kwa hiyo gari linapendeza juu huku chini limeoza. Kabla ya kununua, ingia chini na nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kama boksi la karatasi.

Sasa spana.

Yangu ni Land Rover 109, Series III. Nilikuwa na seti nzuri, namba 8 hadi 24, zote za milimita, maana nilizoea Corolla. Nati nyingi za Land Rover hizi ni za inchi, na ubaya wake ni kwamba hazikukatalii waziwazi. Spana ya 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7. Unavuta, inashika, unajiona fundi, kumbe inalamba kona. Nilifungua nyingi kwa mtindo huo na roho yangu nyeupe.

Ikafika zamu ya breki za nyuma. Nati ya bomba la breki inataka 7/16, yaani milimita 11.11. Namba 11 ikagoma kuingia. Namba 12 ikaingia, ikawa inacheza. Mwenye akili angetoka chini ya gari akanywe chai. Mimi nikavuta. Ikateleza, nikarudia, nati ikawa duara kama shanga. Nikaita vaisgripu, ile koleo inayojifunga yenyewe. Nati ikazunguka kweli, lakini ikazunguka pamoja na bomba, likajinyonga kama nguo inayokamuliwa, likakatika. Mafuta ya breki yakanimwagikia begani, mengine yakarukia mlango niliokuwa nimeupiga rangi wiki ileile na kuulaza kando. Ningeumwagia maji palepale labda ungepona. Nilifuta kwa tambara, nikayasambaza. Asubuhi rangi imejikunja kama utando wa maziwa.

Mzee wa gereji alipokuja aliokota ile nati, akaigeuzageuza kwenye tochi. "Mwanangu, gari la Mwingereza unalifungua kwa spana za Mjapani?" Akatoa mfukoni spana ya ringi iliyokatwa upande mmoja: inapita kwenye bomba, kisha inaikumbatia nati karibu pande zote. Akanionyesha na utaratibu wake. Paka mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, igongegonge nati kidogo, jaribu kuikaza nywele moja kabla ya kuilegeza. Gari likakaa juu ya stendi wiki sita likisubiri bomba.

Kwa hiyo pima nati kwanza, ndipo uende dukani. Pesa ikiwa ndogo, nunua chache za maana: 7/16, 1/2, 9/16, zote za ringi, pamoja na ile ya kukatwa. Ile seti ya vipande mia kwenye boksi la plastiki iache. Soketi zake zinapasuka kwenye bolti ya kwanza yenye kutu. Tok renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, unaweza kuazima, ila kichwa cha injini usikikaze kwa kukisia.

Piga picha kabla ya kufungua chochote. Bolti za kila sehemu zifunge kwenye mfuko wake, uandike. Kabla ya kuchomelea, chomoa betri na utoe tangi la petroli, ambalo kwa nyingi liko chini ya kiti cha mbele. Tangi tupu usiliamini, mvuke wake ndio unaolipuka. Vumbi la breki za zamani linaweza kuwa na asbesto, lilowanishe, usilipulize kwa kompresa. Miwani vaa hata kwa kazi ya dakika moja. Maji ya rejeta yenye dawa usiyaache kwenye beseni, ni sumu, lakini ni matamu na mbwa watayanywa. Watoto wasicheze karibu na stendi. Na ukiingia chini ya gari, mtu mmoja ndani ya nyumba ajue uko huko.