Kabla Hujaandika Insha ya Maelezo

Soma swali hadi mwisho. Ukiulizwa soko, eleza soko. Harusi ya shangazi yako haihusiki. Beba kalamu mbili. Karatasi ya Insha ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, inakupa saa 1 na dakika 45 kwa insha mbili, kila moja alama 20, na kalamu ikikauka hakuna atakayekungoja.

Chagua mahali pamoja na wakati mmoja. Marikiti, soko letu la Nairobi, ya alfajiri si Marikiti ya saa nane mchana.

Kisha, ukiwa bado kwenye mazoezi, nenda huko, na miguu yako mwenyewe. Niliwahi kusahihisha insha za majaribio za shule kadhaa za Eastlands. Swali lilikuwa soko lililo karibu na kwenu. Karatasi ya kwanza: ndege wanaimba, upepo mwanana unavuma kutoka baharini. Bahari gani, Nairobi? Nikacheka. Karatasi ya nne, upepo ni uleule. Ya tisa, na ndege wamerudi. Watoto wakaitwa ofisini kwa udanganyifu, wazazi wakafunga vibanda kuja kusikiliza kesi. Kumbe hawakuibiana, walikariri aya moja kutoka kijitabu kimoja cha fotokopi. Na mmoja wao, mama yake huuza vitunguu Marikiti! Kila Jumamosi yuko pale. Anajua maganda makavu yanavyochakarika chini ya viatu, gunia la viazi linavyokwaruza shingo, kabichi zilizooza zinavyonuka karibu na meza ya chai ya tangawizi, wenye mikokoteni wanavyofoka "Kando!" Hata kimoja hakikuingia kwenye insha. Alituandikia bahari.

Ukifika, simama. Anza na pua na ngozi, maana macho hujipendelea yenyewe. Usiandike "harufu mbaya", taja kinachonuka. Ladha iache kama hujaonja. Tanakali za sauti ni tamu, gunia likitua pu, nyanya nyekundu pyu, lakini ukizirundika tatu katika sentensi moja msahihishaji ataumwa kichwa.

Andika kwenye daftari, simu ikae mfukoni, mfuko wa mbele. Usimpige mtu picha bila kumwomba. Masika vaa gambuti. Usisimame njiani mwa mkokoteni ukiwaza sitiari. Na wewe wa darasa la jioni, rudi nyumbani kabla giza halijaingia.