Dizeli ya mbono: kabla ya kichocheo cha nano, angalia gunia la mbegu

Ukipita Engaruka, wilayani Monduli, utaona mibono kaburi imepandwa uzio. Mifugo haiigusi kwa sababu ina sumu. Mbegu zake zina mafuta asilimia 30 hadi 40, na kwa sumu hiyo hayafai kupikia. Sasa vikundi vya wakulima vinaulizia vichocheo vya nano, yaani unga wa chembe ndogo mno unaoharakisha kazi ya kuyageuza kuwa dizeli. Swali ni zuri, ila mimi huomba kwanza nioneshwe gunia la mbegu.

Mafuta yakichanganywa na methanoli, spiriti yenye sumu, penye kichocheo, dizeli huelea juu na gliserini huzama. Kichocheo kilichozoeleka ni kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni. Mbegu zilizorundikwa zikiwa na unyevu huota ukungu na asidi ya mafuta yake hupanda. Ikipita kama asilimia 2, soda huigeuza sabuni. Utabaki na uji mweupe usiojitenga hata ukilala usiku kucha, na methanoli uliyoinunua imo humohumo.

Kwa hiyo vuna matunda yakiwa ya manjano hadi kahawia, anika siku hiyohiyo kwenye turubai, chambua mbegu zilizopasuka na zenye ukungu. Viroba vikae juu ya chaga, na kukamua kusicheleweshwe. Mafuta yatulie, yachujwe, kisha yapashwe kupita kidogo nyuzi 100 mpaka yaache kutoa mapovu.

Halafu pima. Tia ml 1 ya mafuta kwenye ml 10 za isopropanoli (aina ya spiriti), ongeza matone mawili ya fenolftalini (dawa inayobadili rangi). Yeyusha gramu 1 ya soda katika lita 1 ya maji safi, uidondoshe kwa bomba la sindano huku ukitikisa. Rangi ya waridi itakuja na kupotea, itakuja na kupotea. Ikidumu sekunde 30, soma kwenye bomba ml za soda ulizotumia. Chini ya ml 2, mafuta ni mazuri. Ikivuka 3, yanahitaji kutibiwa kwanza kwa asidi ya salfa na methanoli, na hiyo waachie watu wa maabara.

Sasa tuje kwenye nano. Chembe 10,000 za nanomita 100 zikipangwa mstari, urefu wake ni milimita 1 tu. Kwa udogo huo, gramu moja hugusana na mafuta mahali pengi mno. Inayotufaa zaidi ni ya maganda ya mayai. Wachoma chokaa wa pwani wanaijua kazi hii kwa matumbawe: maganda yakichomwa kwa nyuzi 900 hugeuka chokaa isiyozimwa, yenye uzito uliozidi nusu kidogo. Chokaa hiyo ikizimwa kwa maji, ikakaushwa na kuchomwa tena kwa nyuzi 600, chembe zake hupungua sana. Kinu na jiko la mkaa havifiki huko. Tafuteni chuo chenye tanuru ya umeme, ninyi mpeleke maganda.

Uzuri wake ni kwamba huchujwa na kutumika tena mara kadhaa. Lakini ikiachwa wazi hunywa unyevu na hewa ukaa, ikapoteza nguvu, basi ikae kwenye chombo kinachofunga kabisa. Tena mafuta yenye asidi nyingi huishambulia pia, ikatoa sabuni ya kalisi inayoziba chujio la injini. Nano haikuondolei kazi ya kuanika.

Methanoli naomba muiogope. Moto wake hauonekani vizuri mchana, hupenya ngozi, na kiasi kidogo kikinywewa hupofusha au kuua. Huchemka kwa nyuzi 65, basi msivuke 60, na chombo kilichofungwa kipashwe ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto. Fanyieni kazi mahali pa wazi, mkiwa na glavu na miwani, watoto wakiwa mbali.

Mashudu msiwape mifugo, kuyachemsha hakuondoi sumu. Yapelekeni shambani kama mbolea.

Wala msing'oe mahindi kupanda mbono. Unastahimili ukame, lakini kustahimili si kuzaa. Utafiti uliotolewa Kenya mwaka 2009 ulishauri upandwe uzio tu. Kwa kikamulio cha mkono, lita 1 ya mafuta hutaka kilo 4 hadi 5 za mbegu. Pimeni mavuno ya uzio mlio nao msimu huu, ndipo muulizie bei ya mtambo.