Kabla Hujaanza Kusoma Sheria ya Kiraia ya Hispania

Pata toleo jipya la Código Civil, kitabu cha sheria za kiraia cha Hispania. Kitabu chenyewe ni cha 1889, lakini kimefumuliwa mara nyingi, na nakala ya mtumba itakuangusha mtihani. Ukomo wa jumla wa kudai deni ulikuwa miaka 15. Tangu Oktoba 2015 ni miaka 5. Utaratibu wa mahakama kumtangaza mtu mzima kuwa hana uwezo wa kisheria uliondolewa na Sheria ya 8/2021, iliyoanza kutumika 3 Septemba 2021. Toleo lililohuishwa liko bure kwenye tovuti ya BOE, gazeti rasmi la serikali, kwa hiyo usije na visingizio.

Kariri kifungu cha 1. Vyanzo vya sheria ni vitatu, kwa mpangilio huu: sheria iliyotungwa, mila, kisha kanuni za jumla. Uamuzi wa jaji haumo. Ukiwa umesomea sheria Dar es Salaam au Nairobi, hapa ndipo mkono utakapokutoroka kuandika jina la kesi kwanza. Uzuie. Anza na kifungu. Maamuzi ya mara kwa mara ya Mahakama ya Juu yanakuja baadaye, kukijazia.

Maneno nayo yachunge. Derecho ni sheria na pia ni haki, ley ni sheria iliyotungwa na bunge, na jurisprudencia si somo la falsafa ya sheria bali ni hayo maamuzi ya mahakama.

Sasa lile linalowamaliza wengi. Hispania haina sheria moja ya kiraia. Catalonia, Aragón, Navarra, Galicia, Nchi ya Basque na visiwa vya Baleari zina sheria zao za kiraia, na Código Civil haiingii kila mahali. Wanafunzi huambiwa hivyo wiki ya kwanza, wakaitikia, wakasahau. Basi kabla ya kukokotoa chochote uliza: jambo hili linamfuata mtu, au linafuata mahali?

Chukua mirathi. Mjane wa kiume, Mhispania mzaliwa wa Madrid, alihamia Barcelona, mji wa Catalonia, 2010 akaishi huko mfululizo hadi kufa 2024. Ana watoto wawili. Wosia wake unampa rafiki kila kitu, na mali ni euro 120,000, hakuna deni wala zawadi alizotoa nyuma. Mwanafunzi anafungua Código Civil: fungu la lazima la watoto, yaani lile ambalo wosia hauwezi kuwanyima, ni theluthi mbili, yaani euro 80,000. (Aliyezoea mirathi ya Kiislamu ataifurahia theluthi inayobaki huru kwa wosia. Asifurahi sana, mfanano unaishia hapo.) Hesabu ni safi, jibu ni bovu. Mirathi humfuata marehemu kwa vecindad civil yake, yaani ile sheria ya kiraia ya eneo aliyofungamana nayo. Ukikaa eneo jingine miaka 10 mfululizo bila kutoa tamko la kupinga, vecindad inabadilika yenyewe, hata kama hukuwahi kukanyaga ofisi yoyote. Ukitaka ibadilike baada ya miaka 2, hapo lazima utamke mbele ya Registro Civil, ofisi ya usajili wa raia. Mzee huyu hakutamka lolote, kwa hiyo tangu 2020 alikuwa chini ya sheria ya Catalonia, ambako fungu la lazima ni robo: euro 30,000, kila mtoto 15,000. Hata kama wosia uliandikwa Madrid kabla hajahama, unabaki halali, ila fungu la lazima linapimwa kwa sheria mpya.

Usichanganye vecindad na kujiandikisha manispaa. Cheti cha manispaa husaidia kuthibitisha kwamba mtu aliishi pale, basi. Na mgeni hana vecindad civil mpaka apate uraia.

Sasa chungu cha maua kidondoke kutoka roshani ya Barcelona kimjeruhi mtalii wa kutoka Madrid. Usiulize vecindad ya mtu; fidia ya namna hii hufuata mahali tukio lilipotokea. Kwa kuwa ni Barcelona, mtalii ana miaka 3 ya kudai. Kingeangukia Madrid angekuwa na mwaka 1 tu, tangu alipojua madhara.

Mwaka huo hesabu tarehe kwa tarehe. Muda ukitajwa kwa siku, siku ya kuanzia haihesabiwi, lakini Jumapili na sikukuu zimo. Angalia pia kama muda ni prescripción au caducidad: ule wa kwanza barua ya kudai huukata na hesabu inaanza upya; wa pili, kwa kawaida, barua haiutikisi. Barua yenyewe itumwe kwa njia inayoacha ushahidi wa kupokelewa na wa kilichoandikwa ndani. Kwenye mtihani taja namba ya kifungu na aya yake, soma tarehe zote za swali mara mbili, na swali likitaja mji, ujue haukuwekwa pale kwa mapambo.