Dar hadi Mbeya kwa Land Rover Series III: panga safari kwa joto, si kwa kilomita

Land Rover Series III, zile za 1971 hadi 1985, hazishindwi na kilomita 830 za Dar es Salaam hadi Mbeya. Zinashindwa na vitu viwili: joto, na kazi iliyofanyika gereji jioni ya kuamkia safari. Mpango huu umejengwa juu ya hivyo viwili, na ni wa gari lenye injini ya petroli ya lita 2.25, chasi fupi ya inchi 88 au ndefu ya 109. La dizeli lina mambo yake.

Gereji ifungwe wiki mbili kabla

Kazi zote kubwa ziishe walau wiki mbili kabla ya kuondoka, kisha tembeza gari kilomita 300 hivi likiwa na mzigo wake. Bagamoyo na kurudi, mara mbili, inakaribia. Spea mpya ikiwa mbovu mara nyingi hufa katika saa chache za mwanzo, na ni afadhali ifie Bunju kuliko Ruaha Mbuyuni.

Kondensa ya distribyuta, kikopo kidogo cha umeme kinachosaidia pointi kuwasha plagi, ndiyo kinara wa tabia hiyo. Gari linatembea vizuri asubuhi, injini ikishapata moto linaanza kukatakata na kuzima, likipoa linawaka tena kama halikuwa na neno. Mwenye gari anaanza kulaumu petroli, anafungua kabureta, na tatizo liko pale pale. Kwa hiyo kama pointi na kondensa zilizomo zinafanya kazi, usizitupe unapoweka mpya. Zifunge kwenye nailoni uende nazo. Zimeshajithibitisha, hizo ndizo spea zako za kweli.

Vipimo vya kuwa navyo kichwani: pointi za Lucas 0.38 mm, plagi 0.80 mm, vali 0.25 mm zote, za kuingiza na za kutoa. Paka grisi kidogo kwenye kemu ya distribyuta. Ikikauka, kisigino cha pointi kinalika, mwanya unajifunga taratibu, na gari linaishiwa nguvu siku nzima bila dereva kujua kwa nini.

Maji ya injini

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko kwingine kote. Washa injini mpaka ipate moto kamili, izime, kisha pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta kutoka juu hadi chini. Ukikuta sehemu ya baridi ilhali pembeni pana moto, mirija ya hapo imeziba. Kuisukumia maji ya bomba hakutoshi. Ivuliwe ipelekwe kwa fundi wa rejeta.

Chini ya pampu ya maji kuna kitundu kidogo. Ukiona unyevu au michirizi ya kutu hapo, sili imekwisha. Shika feni uitikise mbele na nyuma: ikicheza, beringi ya pampu inaaga. Badilisha mipira yote ya maji, hata ule mfupi ulio kati ya pampu na nyumba ya thamostati, ile vali inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata moto. Huo husahaulika kwa sababu umejificha, na ukipasuka barabarani kuubadilisha ni kazi ya vidole na matusi.

Mafundi wengi watakushauri uitoe thamostati ili injini “ipumue”. Kataa. Kwenye injini hii, thamostati yake ya asili inapofunguka huziba pia ule mpira mfupi, yaani njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji inabaki kuzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari litachemsha mapema zaidi. Ipime kwa sufuria: itumbukize kwenye maji yanayochemka, isipofunguka tafuta nyingine ya aina ile ile. Kwenye rejeta weka kuulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Maji matupu ya kisima yanaleta kutu, na kutu ndiyo iliyoziba ile mirija.

Breki, oili, matairi

Gurudumu la mbele la 109 lina virekebishi viwili vya breki, la nyuma kimoja. Inua gurudumu, kaza kirekebishi mpaka ligome, kisha legeza mpaka lizunguke huru tu. Mafuta ya breki yaliyokaa zaidi ya miaka miwili yamwagwe yote. Yanafyonza unyevu wa hewani, na drami zikipata moto maji hayo yanachemka ndani ya mfumo. Pedeli inazama hadi sakafuni wakati unaihitaji kuliko wakati wowote.

Injini inachukua lita 6 za oili ya 20W-50, na karibu lita moja zaidi ukibadilisha filta. Giaboksi lita 1.5, transfa (giaboksi ndogo ya pili, inayogawa nguvu mbele na nyuma) lita 2.5, difu ya kawaida ya Rover lita 1.75, zote oili ya gia ya EP90. Usisahau nusu lita katika kila tufe la ekseli ya mbele, pale magurudumu yanapokatia kona. Filta ya hewa ni ile ya bakuli la oili: lisafishe, jaza hadi alama, usizidishe, maana oili ya ziada inavutwa na injini.

Katika zile kilomita 300 za majaribio, jaza oili hadi alama ya juu kabla ya kuondoka, pima ukirudi, andika. Gari likila nusu lita, beba lita tano kwa safari nzima. Likila lita moja, safari isubiri kwanza.

Upepo kwa 109 yenye matairi ya 7.50-16 na mzigo: psi 25 mbele, 36 nyuma. Soma tarehe ya kutengenezwa kwenye ubavu wa tairi. Lenye nyufa ndogo ubavuni halifai hata kama kashata zake ni nzima. Matairi mengi ya magari haya yanakufa kwa umri, si kwa kulika.

Siku tatu, na sababu yake

Wenye mabasi wanaimaliza njia hii kwa siku moja. Wewe tembea 70 hadi 80 kwa saa. Bila ovadraivu, injini ikiwa kwenye 80 tayari inazunguka kwa nguvu, na ukijumlisha matuta, mizani ya malori na vijiji, wastani wako utakuwa 50 hadi 55.

Chasi fupi ina tenki la lita 45 na inakunywa lita 17 au 18 kwa kilomita 100. Kwa hesabu ya karatasi hiyo ni kilomita 250. Kwa mpango wa safari jaza kila baada ya 190. Safari nzima itakula lita 150 hivi. Usiamini geji ya petroli ya gari la miaka 45. Amini kilomita ulizoandika tangu ulipojaza mara ya mwisho.

Siku ya kwanza ni Dar hadi Mikumi mjini, kilomita 300 na ushee. Toka saa 11 alfajiri ili foleni ya Kibaha uiache nyuma kabla ya jua. Jaza Morogoro na upumzishe gari huko, boneti wazi, nusu saa. Baada ya Morogoro barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Fuata mwendo ulioandikwa kwenye vibao. Kugonga mnyama kuna faini, na nyati akigongwa na Land Rover hawezi kutabirika. Gari likizima humo, usikimbilie kufungua boneti. Angalia kwanza pande zote mbili za barabara.

Siku ya pili ndiyo siku yenyewe: Mikumi hadi Mafinga, kilomita 270 hivi. Jaza Mikumi jioni ya kwanza na uondoke saa 12 asubuhi. Bonde la Ruaha Mbuyuni liko chini na lina joto kali, na ukilimaliza tu mlima wa Kitonga unaanza. Ukifika bondeni saa 7 mchana, unaingia mlimani injini ikiwa tayari imechemka nusu. Ukifika saa 2 asubuhi, ni mlima wa kawaida. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vinunue wakati wa kurudi.

Kitonga panda kwa gia ya tatu, na mara injini inapoanza kuguna weka ya pili. Gia kubwa kwa mwendo mdogo inapasha moto kuliko gia ndogo inayozunguka kwa uhuru, kwa sababu pampu ya maji na feni vyote vinaendeshwa na injini: injini ikizunguka polepole, navyo vinalegea. Acha nafasi nyuma ya lori, ili likisimama usilazimike kusimama nawe kwenye mwinuko. Usivute kile kigingi chekundu cha gia za chini juu ya lami kavu. Kinaingiza na magurudumu ya mbele, na ekseli mbili zilizofungwa pamoja kwenye kona za lami zinakazana mpaka kitu kikatike.

Sindano ya joto ikipanda, fungua hita yote, hata kama kuna joto la kuchosha. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Ikiendelea kupanda, tafuta mahali pa kuegesha salama, weka gia huru, acha injini izunguke juu kidogo ya sailensa (mzunguko wake bila kukanyaga mafuta) dakika mbili tatu, ndipo uzime. Ukizima ghafla, feni na pampu vinasimama, na maji yaliyo ndani ya hedi yanachemka hapo hapo. Kifuniko cha rejeta kisiguswe kwa nusu saa.

Siku ya tatu, Mafinga hadi Mbeya kupitia Makambako, kilomita 250, gari litapumua vizuri kwa baridi lakini litakuwa zito. Katika mwinuko wa mita 1,700 hewa ni nyepesi, na injini imepoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Plagi zikiwa nyeusi kidogo ni kawaida ya huko. Usiruhusu mtu aguse jeti za kabureta. Ukirudi Dar utakuwa na injini inayokosa petroli.

Hafu shafti ikikatika

Hafu shafti ni fimbo ya chuma inayotoka kwenye difu kuzungusha gurudumu. Kukatika kwake ni jambo la chasi fupi hasa, maana 109 nyingi za Series III zina difu ya nyuma ya Salisbury yenye shafti nene. Dalili: unaachia klachi, unasikia kishindo kimoja cha chuma, injini inazunguka, gari haliendi. Bonyeza kitufe cha njano ili kuingiza gurudumu nne. Kama kuna hab za kufungia mbele, zifunge. Gari likisogea, shafti ya nyuma imekatika.

Kabla ya yote, weka mawe magurudumuni. Handibreki ya gari hili haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka transfa kwenda nyuma. Hafu shafti ikiwa imekatika, unaweza kuivuta mpaka mwisho na gari likaserereka, isipokuwa ile gurudumu nne imebaki imeingia. Ndiyo sababu pia haivutwi gari likiwa linatembea: inavunja hizo shafti.

Fungua boliti sita za flanji ya gurudumu lenye shafti iliyokatika, vuta kipande. Kipande kilichobaki ndani ya difu kitoe kwa sumaku. Hakikisha vipande vyote vimetoka. Kimoja kikibaki, kitasaga meno ya difu. Ukiwa na shafti ya akiba, ni kazi ya saa moja na nusu. Huna? Rudisha flanji ikiwa tupu ili vumbi lisiingie na oili isitoke, na uendelee taratibu ukivutwa na ekseli ya mbele hadi mji unaofuata.

Vya kubeba

Hafu shafti mbili za nyuma kama ni chasi fupi, maana ya kushoto na ya kulia hazilingani urefu. Mkanda wa feni, seti ya mipira ya maji, pointi, kondensa, rota, koili, plagi moja au mbili, mpira wa pampu ya petroli, gasketi ya hedi, fyuzi, mita tano za waya, waya wa kufungia, tyubu mbili, maji lita 20. Petroli ya dumu isikae ndani pamoja na abiria. Kizimamoto kiwe mkono unapofika, si chini ya mabegi.

Spana ziwe za inchi: 7/16, 1/2, 9/16, 5/8, 11/16, 3/4. Spana ya milimita “inayokaribia” itaviringisha nati, na nati iliyoviringika ndani ya Kitonga haina mwokozi.

Gari likizima mchana wa jua kali na petroli ipo tenkini, huenda inachemka kwenye bomba kati ya pampu na kabureta. Lowesha kitambaa, kizungushie pampu, subiri dakika kumi, washa.

Kurudi

Kabla ya kutoka Mbeya, rekebisha tena breki zote, kwa sababu sasa Kitonga utaishuka. Ishuke kwa gia ile ile uliyopandia, na uiweke kabla ya mteremko kuanza. Kanyaga breki kwa nguvu na kwa muda mfupi, achia, kanyaga tena. Ukiikanyaga kidogo bila kuachia, drami zinapanuka na pedeli inakwenda mbali. Ukifika chini simama, pitisha mkono karibu na kila gurudumu bila kugusa. Lenye moto kuliko mengine, silinda yake imegoma kurudi. Lenye baridi halijafanya kazi kabisa, na mengine matatu ndiyo yaliyokushusha.